Filimbi ya Jumapili

Jumatatu, 9 Oktoba 2000

Nimepewa mechi ya Jumapili. Ngome dhidi ya Mwangaza — ya kuamua ubingwa wa mji! Ngome ni timu ya wanajeshi wanaotutawala tangu vita vianze tena. Mwangaza ni timu ya Kadutu, mtaa wetu. Waamuzi wenzangu watatu wameugua malaria siku moja. Malaria gani hiyo inayosoma ratiba ya ligi? Waoga! Papa Kalume, rais wa ligi, alinitangazia huku akitabasamu kama muuza mitumba. Mke wangu Domitille alisikia, akaingia jikoni. Alipika tu, akigongagonga sufuria.

Jumatano, 11 Oktoba

Jeep imesimama mbele ya nyumba. Majirani wote wamefunga madirisha — asanteni, majirani. Komanda aliyeunda Ngome aliingia na buti zake mpaka kwenye mkeka, akaketi kwenye kiti changu, akanywa Fanta yangu, akaniita mwamuzi kwa Kifaransa:

"Arbitre, weye iko mutu ya akili. Siye tunapendaka batu ya akili."

Akarudi kwenye jeep yake. Nilimwelewa: Ngome ishinde. Domitille anataka twende kwao Katana hadi yapite. Nimekataa kwa ukali, kisha nikajutia ule ukali. Kukataa sijutii. Naogopa, ndiyo. Lakini sijawahi kuuza mechi, na sitaanza kwa mtu anayekanyaga mkeka wa mke wangu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Soko la Kadutu. Maman Eulalie amekataa kuniuzia sombe, majani yake ya muhogo. Eti jeep ilifuata nini kwangu? "Weye mutoto ya Kadutu, utatuuzisha?" Wengine wakacheka. Mmoja akanitupia nyanya mbovu. Hawa watu wanainamisha vichwa mbele ya kila askari — mimi pia — halafu Jumapili wanataka niwapiganie vita vyao kwa filimbi! Nawachukia wote leo. Nimekula ugali na chumvi.

Jumapili, 15 Oktoba, mapumziko

Naandikia kwenye chumba cha waamuzi. 

Upuuzi ulianza getini. Hakuna timu iliyokubali kuingia ya kwanza: anayetangulia ndiye anayekanyaga dawa ya uchawi iliyozikwa pale, mkosi unakuwa wake. Hata Ngome! Wana bunduki, wameteka mji mzima, wanaogopa udongo. Jua kali, uwanja umejaa, kila timu inaingoja nyingine. Nikashikwa na ghadhabu. Nikabeba mpira, nikapita getini peke yangu, nikauweka katikati. Kosa kubwa! Nilidhani nawaaibisha. Kumbe nimewafurahisha. Wote wakanifuata mbio, wanacheka. Aboubakar, kapteni wa Mwangaza, akanipiga begani kunishukuru: "Merci, arbitre. Mukosi yote iko kwako sasa."

Sifuri kwa sifuri, hadi dakika za mwisho za kipindi. Halafu beki wa Ngome akamkata ngwala mshambuliaji wa Mwangaza ndani ya boksi. Hata kipofu angeona. Nikapuliza — penalti! Askari wakafyatua risasi hewani. Mashabiki wakalala chini, wachezaji wakakimbilia vyumbani. Penalti haijapigwa.

Sasa wako watatu hapa. Askari wa komanda anasema niutoe mpira nje ya boksi, iwe coup franc tu, mpira wa adhabu wa kawaida. Kalume anasema ni wazo zuri sana. Na Aboubakar — Aboubakar mwenyewe! — ananishika mkono: "Toa hiyo penalti, arbitre. Siye tuko na batoto. Sema tu ulikosea. Mukosi iko yako tayari, batu bataamini."

Wiki nzima pande hizi zilikuwa zikitafunana. Leo zimepatana: mwenye kosa ni mimi. Nje mashabiki wa Kadutu wameinuka, wanaimba jina langu. Hawajui kapteni wao yuko humu. Nimemuuliza nani atapiga. Anafungua kamba za viatu vyake. Ningependa kumdharau, lakini namwonea huruma, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Nimemwambia Kalume anyamaze. Mpira ninao. Nitauweka palepale, kwenye nukta, na nitapuliza. Asiyetaka kupiga asipige. Mimi sikukosea.

Askari amesimama mlangoni. Nimemwomba anipishe, mara ya pili sasa. Bado hajanipisha —