Watoto Wangu wa Nasari Wanaanzia Kulia

Mpendwa Mshauri, nisaidie kabla kamati ya kanisa haijaniachisha kazi. Mimi ni mwalimu wa nasari ya kanisa hapa Makindu, na muhula huu nafundisha watoto kuandika kwa kufuatisha nukta, mimi natia nukta za herufi kwenye vibao vyao na wao wanapitisha chaki juu yake, na kazi ilienda vizuri mpaka akaja Falis, binti wa Keinan mwenye duka la nguo, mtoto wa miaka mitano lakini mdomo wa mama mkwe, na kwa sababu jioni anaenda madrasa ambako huandika kutoka kulia, kwangu pia anaanzia kulia, nikimwambia, “Anza huku,” ananijibu, “Mwalimu, huko ni mwisho,” na wenzake walipoona anamaliza haraka wakamfuata wote, mimi sikugundua kwa sababu juu ya nukta kila kitu kilikuwa sawa, sasa juzi wazazi walikuja kuona maendeleo, nikafuta nukta, nikamwambia Mulei aandike jina lake, akaandika IELUM, na baba yake ni Shemasi Ndolo, akasimama akauliza, “Ielum ni nani? Mwalimu, umembadilisha mtoto wangu dini?” nikataka kueleza lakini nikacheka, Mshauri, nilicheka mpaka machozi, na alipojua mchezo ulianza na Falis, sasa anataka mtoto aondolewe ama niondoke mimi, na huyo mtoto nampenda, nifanyeje?

Mwalimu Mumbua, Makindu

Mwalimu Mumbua, pole, lakini lazima nikugombeze. Kumcheka shemasi mwenye hasira ni kosa. Kukagua vibao bila kutazama mikono ni kosa kubwa zaidi, maana nukta zikishajazwa hazikuambii mtoto alianzia wapi. Simama nyuma yake, utazame.

Falis haendi popote. Mtoto anayejua kwamba mwandiko una mwanzo na mwisho ameshakufanyia nusu ya kazi. Mwambie madrasa wanaanzia kulia, kwako kushoto, na hakuna aliyekosea. Kisha mpe cheo cha kuwaonyesha wenzake pa kuanzia. Mdomo huo utakufaa kuliko kiboko. Nukta ya kwanza itie rangi nyekundu, na kabla ya chaki wapeleke mchangani waandike kwa kidole.

Nawe Shemasi, maana najua gazeti umelishika: watoto wengi wa umri huo hugeuza herufi, hata wasiojua madrasa ni nini. Mulei hajabadili dini, amebadili upande.

Kamati ikikaa, Mwalimu, usihutubie. Wape wazee vibao, waandike majina yao kwa mkono wa kushoto. Wakishainama wote, ndimi nje, jasho likiwatoka, hapo ndipo uwaombe wanunue chaki za rangi.