Salamu ya Lamboni

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka. Hapa Bariadi tu wazima. Pamba tumeshavuna, baba yako mdogo yuko Lamadi na samaki wake, na goti langu ni lile lile.

Unauliza hiyo mahakama yenu ya nchi nyingi unakopokea watu huko Arusha ina faida gani, wakati kila nchi ina mahakama zake.

Nilipoolewa, kijijini kwetu mjane mmoja aitwaye Minza alikataa kurithiwa na shemeji yake. Wazee wakamtenga: asisalimiwe, asipewe hata moto. Nikakutana naye lamboni, akaniamkia. Nikainamia ndoo yangu.

"Mimi nimekusalimia," akasema. "Kujibu ni juu yako."

Nikajitwika ndoo, nikaenda zangu. Wengi tulijua amri ile ni mbaya, lakini nani angesema? Tulichunga pamoja, tumeoleana.

Aliyeivunja ni mzee wa kijiji cha jirani, aliyealikwa mkutanoni. Kabla ya kukaa alikwenda kwa Minza, akamsalimia, akaomba maji, akanywa. Nani angemtenga yeye? Hakuwa wa kwetu. Wazee wetu wakatazamana, na amri ikafa siku hiyo hiyo.

Faida naiona hapo. Ila wanaofika mlangoni kwenu wametoka mbali, na huenda kwao hawasalimiwi. Waamkie kwanza, ndipo uombe karatasi zao.

Mimi nilimwamkia Minza siku ambayo kila mtu alimwamkia. Aliitikia vizuri tu. Mpaka leo najua ile yangu haikuwa salamu.

Ni mimi bibi yako.