Mtungi Ulioufunga kwa Majani Mapya

Rumonge, Jumapili

Mama Sakina,

Amahoro. Niko salama, na leo ndiyo nashusha pumzi. Mimi na jirani yetu Feruzi tulipanga kwamba jana tunywe asubuhi, tutazame mashindano ya mitumbwi ya Rumonge na Minago, kisha tunywe tena. Basi tukamkabidhi mwenyeji wetu, mzee Barutwa, ule mtungi wako wa pombe ya ndizi. Akaupokea kwa mikono miwili, akawaita ndugu zake, wakaketi.

"Murakoze. Sasa semeni, nani kati yenu anaoa?"

Kumbe ana binti, na huku mtungi uliofungwa vizuri mbele ya baba ni posa! Feruzi akaninyooshea mimi kidole. Mara ngoma zikalia ufukweni, nikageuza shingo kutazama makasia. Binti akacheka mlangoni:

"Baba, kunywa tu. Muchumba gani anaangalia ziwa na mimi niko hapa?"

Wazee wakaangua kicheko, mirija ikazama mtungini.

Minago wameshinda. Nisalimie watoto. Kadi hii anakuja nayo tarishi wa Mdachi. Mimi nafuata kesho, na Feruzi tu. Lakini mke wangu, siku nyingine usiufunge mtungi vizuri hivyo. Nusura ukuletee mke mwenza.

Baba Sakina