Gunia Lililoshika Zamu

Jumanne, Utete

Na semina nilitaka kuitoa mimi!

Tangu meneja wetu Zuhura alete vibao vya namba kwenye mashine ya ushirika ya kukoboa mpunga, wateja wamehamia kwa jirani. Leo mpaka saa nne mashine ilikuwa haijawashwa. Tukiendelea hivi, vijana wawili wa mashine watakosa kazi, na hilo linaninyima raha.

Sababu niliieleza mwenyewe, kwa urefu wangu wa kawaida: binadamu hapendi kuacha alichokizoea. Nikaandika kurasa sita za semina juu ya ukaidi wa wateja. Mfano wangu mkuu alikuwa Bi Somoe, aliyeapa hashiki namba.

Leo akatupita na gunia lake, mimi na Zuhura, akielekea kwa jirani. Nikamwita nimfundishe.

"Mwalimu, weye shule umekwenda, shamba hujaenda," akasema. "Zamani gunia lilikaa foleni, mie nikaenda shamba kuamia ndege, wasinimalizie mpunga. Sasa namba nishike mie, nikae hapa niitwe mie. Wale ndege utawaamia na semina yako?"

Zuhura akacheka mpaka akachuchumaa. Kisha akachukua kibao, akakifunga kwenye gunia. Basi! Bi Somoe akaenda zake shambani. Kufika adhuhuri yalikuwa yamekuja magunia mengine manne.

Wiki tatu nimepekua vichwa vya watu, kumbe jambo lilikuwa kwenye gunia.

Vibao havitatosha kesho. Zuhura ameziomba zile kurasa sita. Nyuma ni nyeupe, anataka kuzikata aandikie namba.