Unga wa Ndama Kwenye Kikombe cha Kemi

Jumamosi, Nyakatuntu. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nina hasira nisiyojua niipeleke wapi.

Kemi, binti yangu wa miaka miwili, tumerudi naye jana kutoka zahanati. Anakula ndizi, anacheka. Nami kila nikimtazama naona aibu.

Jumanne alianza kuharisha maji matupu. Baba mkwe, mfugaji tangu ujana wake, akanipa pakiti ya unga wa antibayotiki anaowapa ndama wakiharisha. "Ndama wangu hupona siku ya pili," akasema. "Huyu ni mdogo, weka robo kijiko."

Nikaweka kwenye kikombe chake. Kwa mkono huu huu.

Tena kwa kuwa "ameshapata dawa", sikumkorogea ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Hata maji nilimnyima, eti yatamzidishia kuharisha. Ujinga gani ule!

Alhamisi macho yakawa yameingia ndani, analia bila machozi. Tukapanda bodaboda huku mvua ikinyesha. Nesi akauliza, "Mama, umempa dawa gani?"

"Sijampa kitu," nikasema.

Nilimdanganya mtu anayehangaika kumwokoa mwanangu. Dripu ilipoingia ndipo nikamwambia kweli. Hakunifokea. Bora angenifokea.

Antibayotiki hatukupewa kabisa, ila ORS kijiko kwa kijiko, na vidonge vya zinki. Nesi alisema kuharisha maji hivi mara nyingi hakutaki antibayotiki. Mtoto akitoa damu kwenye choo ni habari nyingine, lakini hapo daktari ampime, aandike dawa ya binadamu, na dozi imalizwe. Kinachoua haraka ni kuishiwa maji mwilini.

Sasa leo. Baba mkwe anawatangazia majirani kuwa unga wake ndio umemponya mjukuu! Mchana akaja jirani yetu, mama Asimwe, na kikombe mkononi. Mwanawe anaharisha, anaomba "ile dawa ya Kemi". Baba mkwe akaniagiza niilete.

Nikaleta pakiti ya ORS iliyobaki.

"Ile ni ya ng'ombe, dada," nikamwambia. "Nusura nimzike Kemi. Koroga hii kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe kidogo kidogo, kisha mpeleke zahanati leo leo."

Kwetu mkamwana hamkosoi baba mkwe mbele ya mgeni. Mzee akainuka, akaenda zake zizini. Hajanisemesha tangu hapo.

Kesho nitapiga magoti nimwamkie shikamoo. Asipoitika, basi. Kama ningemvunjia heshima hiyo Jumanne, Kemi asingehitaji dripu.