Upepo wa Ubavuni

Jumatatu, 4 Machi
Leo mdogo wangu katua na upepo wa ubavuni. Safi kabisa! Mwalimu wetu wa urubani kampigia makofi. Mimi nilimtangulia kujifunza mwaka mzima, sijapata hata kofi moja — labda la shavuni. Sasa anamwita Kipanga. Mimi bado ni "wewe".

Jumatano, 6 Machi
Zamu yangu. Nayajua yote kwa kichwa: pua unaielekeza kwenye upepo, ndege inakuja kiubavu kama kaa, na kabla magurudumu hayajagusa unainyoosha kwa pedali. Nikachelewa kunyoosha. Tairi likapasuka, tukaishia majanini. Fundi wa ndege anasema bado kidogo tungepinduka. Nimekatazwa kuruka peke yangu siku za upepo.
Mdogo wangu akanishika bega: pole dada, utaweza tu.
Hiyo "utaweza tu" imenichoma!

Alhamisi, 7 Machi
Mama kaweka picha ya Kipanga na ndege sebuleni. Yangu kaisukuma nyuma. Nikaisogeza mbele. Jioni — imerudi nyuma.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi hewa ilitulia, Kipanga akaruka peke yake. Mimi na mwalimu chumba cha redio. Mara upepo ukageuka, soksi ya upepo, ile ya kitambaa mlingotini, ikanyooka kukata njia ya kutulia. Nikamwambia mwalimu amwite ashuke mapema. Akacheka, eti wivu huo.
Ulikuwa wivu kweli. Lakini na upepo ulikuwa upepo!
Kajaribu kutua mara mbili. Ya pili bawa nusura likwangue lami, akapaa tena. Mwalimu hacheki tena. Mafuta yaliyobaki hayamfikishi uwanja mwingine. Fundi kakimbilia mtungi wa kuzimia moto. Mimi sina la kushika ila kalamu.
Sauti yake redioni imekuwa ndogo, ile ya utotoni akiogopa giza. Mwalimu anamwelekeza — shusha bawa la upande wa upepo, tumia miguu — mdogo wangu anamkatiza.
"Nipe dada."
Si mwalimu. Mimi!
Na nimefurahi. Mungu anisamehe, mtoto wa mama yangu anahangaika huko juu, nami nimefurahi! Mwalimu ananinyooshea kipaza sauti, hata machoni haniangalii. Kipanga kageuza, anakuja mara ya tatu, pua kaielekeza kwenye upepo. Naweka kalamu, nashika —