Paka na Soksi za Neema

Jumanne, Neema kashalala

Hata sielewi huyu paka ana nini. Leo tena kachukua soksi ya Neema, kaipeleka nyuma ya magunia ya mahindi, akakaa pale analia. Nikiirudisha, anaifuata.

Mama mkwe akasema, "Paka anaiba nguo za mtoto na wewe unamwangalia tu, Mama Neema? Mtie kwenye kiroba, bodaboda akamtupe Matogoro."

"Mama, na panya nani atawakamata?"

"Kwani siku hizi anakamata panya au soksi?"

Nilicheka, ila naogopa. Akimparua mtoto je?

Jioni nikifagia nyuma ya magunia ndiyo nikakumbuka, pale pale ndipo paka alipozalia. Tulipoingiza mahindi ndani, kila jirani alitaka paka wa panya, tukagawa watoto wake wote siku moja. Labda anawatafuta. Labda wala siyo hivyo, mimi mambo ya paka siyajui.

Chumbani kwa mtoto haingii, nimefunga mlango. Lakini soksi moja nimemwachia. Kailalia, na sasa halii. Mimi ndiye ninayeamka kila mara kumpapasa Neema.